Lenzi Isiyomwona Mwenyewe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi, si jirani yangu wala binamu wa jirani. Mimi ni mwanamke mzima, mpiga picha, nina studio ndogo hapa Bunia karibu na soko, na ukiuliza watu watakuambia kwamba si rahisi kunidanganya. Nyanya iliyooza chini ya kikapu naijua kabla kikapu hakijafunuliwa. Lakini siku ile nilikaa na mtu, nikabishana naye bei mpaka koo likanikauka, na mtu huyo alikuwa amekwisha zikwa. Amini usiamini. Hata mimi kuna asubuhi naamka siamini, halafu naiona lenzi pale mezani.

Tena haikuwa usiku. Najua nyinyi mnapenda wafu waje usiku wa manane, mbwa wakilia. Huyu alikuja baada ya chakula cha mchana, mvua ikinyesha, mikono yangu bado ikinuka sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Ungemshuku mtu wa saa ile?

Acha nikueleze kwanza shida iliyokuwa ikinikaba. Mama yangu anakaa mtaa wa Saio, hapa hapa Bunia. Miguu yake imeishiwa nguvu, hatoki tena nje, ila mdomo wake uko mzima, Mungu asifiwe. Jumapili ya wiki ile watoto wake wote walikuwa wanakuja: dada yangu mkubwa na watu wake kutoka Boga, kaka zangu waliorudi kulima Fataki, wakwe, wajukuu, wote. Hatujawahi kukusanyika hivyo tangu tulipoikimbia Fataki wakati wa vita, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Siku hiyo ya kukimbia picha zote za familia zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe haikubaki. Kwa hiyo Mama aliagiza kitu kimoja tu: picha ya watu wote, ndani ya salon yake, yaani sebuleni, yeye akiwa kwenye kiti chake, na asikatwe hata mmoja.

"Miye nilishakatiwa batu ya kutosha," aliniambia.

Kusema ni rahisi. Salon ya Mama ni ndogo, na lenzi yangu ilikuwa nyembamba. Hata nikibana mgongo ukutani nilipata watu wa katikati tu, wa pembeni wakabaki na bega moja. Kwenye picha ya Noeli kaka yangu alitokea sikio, na mpaka leo hajanisamehe. Nilihitaji lenzi pana kabla ya Jumapili, na hapa Bunia lenzi pana haiokotwi njiani. Kuagiza Kampala ingechelewa. Kuazima je? Mpiga picha hakuazimi lenzi yake, afadhali akuazime meno.

Nilikuwa nikiwaza hayo, uso umenuna, nikasikia hodi. Akaingia mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi. Niliangalia sakafu nikiwa tayari kulalamika juu ya matope, maana nilikuwa nimetoka kupiga deki, lakini sakafu ilikuwa safi. Nikadhani pikipiki ilimshusha mlangoni kabisa, nikamkaribisha.

"Jambo mama. Pole ya mvua."

"Jambo muzee. Karibu, ikala."

"Batu banasema weye unajua beyi ya bintu ya photo. Niko na objectif ya kuuzisha. Lakini nataka beyi ya haki. Haiko ya juu, haiko ya chini. Ya haki."

Objectif ndivyo tunavyoiita lenzi huku kwetu. Akafungua kitambaa, akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa lenzi fupi ya chuma, nzito, ya zile kamera za filamu za zamani ambazo mpiga picha anachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, hachungulii kupitia lenzi yenyewe. Milimita ishirini na moja. Wewe usiyejua, nikwambie tu kwamba hiyo ni pana mno: ukisimama kwenye pembe ya chumba unakipata chumba chote, na ukizubaa unapata na vidole vya miguu yako. Moyo wangu uliruka. Uso niliushikilia, kwa sababu nimekulia sokoni.

"Iko ya zamani," nikasema kwa uvivu.

"Ata miye niko ya zamani," akajibu.

Nikaanza kuipima. Bei ya lenzi iliyotumika naitafuta hivi: nawaza ingekuwa na thamani gani kama haina kasoro, kisha kila kasoro inang'oa kipande. Niliwasha tochi ya simu nikaimulika ndani, nikitafuta kuvu, kwa maana unyevu wa huku hauna huruma na lenzi ikifungiwa sandukuni inaota ukungu kama mkate. Ukungu hakuna. Vumbi lilikuwepo kidogo, nikalisema kwa sauti kubwa kuliko lilivyostahili. Ukingo wa mbele ulikuwa umebonyea mahali pamoja, inaonekana iliwahi kuanguka. Pete ya kulenga ilizunguka laini kabisa. Vile vipande vyembamba vya chuma vya ndani vinavyofungua na kufunga mwanga vilikuwa vikavu, havina mafuta. Kwa kweli ilikuwa lenzi iliyotunzwa na mtu mwenye mapenzi, lakini hilo sikulisema.

Alitaka trois cents, yaani dola mia tatu. Nikamwambia cent, mia moja.

"Cent! Mama, ata mukebe ya maziwa ikibonyeka haishukake hivi!"

Tukabishana. Alikuwa hodari, nakiri, na alinifurahisha. Anashuka kidogo anasonya, ninapanda kidogo ninakuna kichwa. Yeye akafika mia mbili hamsini, mimi nikafika mia moja hamsini, kila mmoja akasimama hapo kama mbuzi darajani. Nikasema basi, niijaribu kwanza. Nina pete ya kuunganishia lenzi za zamani kwenye kamera yangu ya siku hizi, ile inayoonyesha kwenye kioo chake kile kile inachokiona lenzi. Nikaifunga. Nikailekeza mlangoni, kulikokuwa na wanawake wa soko waliojikinga mvua: wote wakaingia, na vikapu vyao, na karatasi za plastiki vichwani, mpaka pembeni kabisa, safi. Nikageuka nimjaribu mzee, kwa sababu ngozi ya mtu ndiyo inayofichua lenzi mbaya.

Kiooni nikaona kiti.

Kiti kitupu, na ukuta nyuma yake, na kalenda yangu ya ukutani ambayo niliweza kusoma majina ya miezi yake. Nikainua macho: mzee amekaa, amekunja nne, anangoja. Nikashusha macho: kiti. Wewe ungefanya nini? Ungeruka dirishani, najua. Mimi, ndugu yangu, nilifurahi! Nilijua nimeipata kasoro kubwa ya kuangushia bei.

"Muzee," nikasema, "objectif yako iko na panne. Haioneshake mutu. Narudia cent."

Mzee akainamisha kichwa. Aliona haya, kama mgeni aliyemwaga chai.

"Ile panne haiko ya objectif, mama."

"Iko ya nani basi?"

"Iko ya miye."

Nikaigeuza kamera nikajilenga mwenyewe, mkono umenyooka. Nikaonekana, na kipele changu cha shavuni. Nikawalenga tena wanawake wa mlangoni, wakaonekana. Nikarudi kwa mzee. Kiti. Hapo ndipo baridi iliponipanda kutoka kwenye visigino.

Niliogopa, sifichi. Lakini fikiria: lenzi niliyokuwa naitafuta ilikuwa mkononi mwangu. Nikikimbia nayo, nimeiba. Nikiitupa nikakimbia, Jumapili Mama atakaa kwenye kiti chake, na mimi nitamkatia watu tena. Nilimwona Mama waziwazi. Nikakaa chini.

"Muzee, weye ulikufaka?"

"Nilikufaka, mama. Usiogope. Sikukuya juu ya mutu. Nilikuya juu ya beyi."

Nakuapia, ndivyo alivyosema. Alinieleza kwa upole kwamba alikuwa mpiga picha kama mimi, na lenzi ile ndiyo mali pekee aliyomwachia mke wake. Sasa wapwa zake walikuwa wanamzunguka mjane, wakitaka kumpa bei ya gunia la makaa. Mzee alishindwa kutulia huko alikolala. Nikamuuliza kwa nini lenzi yake mwenyewe haimwoni.

"Itanionea wapi? Siku zote miye nilikuwaka nyuma yake."

Nami nikamweleza habari za Jumapili. Sijui kwa nini; mnunuzi mwenye akili hasemi shida yake. Nafikiri hofu ilikuwa imeanza kupungua, nikabaki na mwenzangu wa kazi. Alisikiliza yote, na nilipofika kwenye bega moja la watu wa pembeni alitikisa kichwa kama mtu anayelijua jambo hilo vizuri.

Sasa haki ni haki. Kasoro niliyoikatia bei haikuwa ya lenzi. Nikarudisha nilichokata, na kwa kuogopa kumpunja mfu nikazidisha: nikasema nampa mia tatu zake zote. Mzee akakasirika!

"Hapana. Beyi yenye habajapunguza, ile iko sadaka. Muke yangu hakulaka sadaka ya mutu. Punguza."

Umewahi kuona soko la namna hiyo? Mimi napandisha, mwenye mali anashusha, kila mmoja anamshutumu mwenzake kwamba hajui biashara. Mwisho tukakutana kwenye mia mbili hamsini. Yeye akanung'unika kidogo, na mimi nikanung'unika kidogo, na hapo nikajua bei ni ya haki. Kwangu hicho ndicho kipimo, sijapata kingine.

Ndipo nikafanya kosa. Wewe wa huku utanielewa mara moja. Kwetu mkishapatana bei, biashara bado haijaisha mpaka upewe matabishi, kile kidogo cha juu. Ukinunua kopo la maharage, mama muuzaji anakuongezea kiganja kimoja. Ukinunua ndizi, anatupia moja. Asipokupa, unaomba, usipoomba, watasema umelelewa wapi? Ulimi wangu umeomba matabishi maisha yangu yote, na siku ile haukungoja ruhusa.

"Na matabishi yangu, muzee?"

Nilitaka kuumeza ulimi. Lakini mzee alicheka, kwa mara ya kwanza, kicheko kizuri cha kifuani. Akajipapasa mifuko ya koti, akaigeuza nje moja baada ya nyingine. Haikuwa na kitu.

"Nilikuya bule. Lakini sitakunyima. Mu photo yenu ya dimanshi, nitakuongezea mutu moja."

Nilicheka naye, nikidhani ni utani wa kazi. Pesa hakuzigusa. Akaniambia nizipeleke mwenyewe kwa mke wake, nyumba ya mlango wa buluu ng'ambo ya soko, akavaa kofia akatoka. Wanawake walikuwa wamebanana pale mlangoni hata sindano isingepita. Hakuna aliyesogea, na yeye akapita.

Kesho yake nilikwenda. Mlango wa buluu nikauona, mjane nikamkuta anachambua mchele uani. Nilimweleza yote kwa kigugumizi, nikitegemea anifukuze. Hakunifukuza. Aliingia ndani, akalifungua sanduku kwa ufunguo anaouvaa shingoni, akarudi na kasha tupu la lenzi mkononi. Akazipokea pesa kwa mikono miwili. Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Ulimuomba matabishi?"

"Nilimuomba, mama."

Akajipiga paja. "Weee! Ule bwana yangu hakujuake kunyima mutu matabishi! Ukilipa photo mbili, anakupa tatu. Njo maana siye tulibakia maskini. Haya, utayaona."

Na Jumapili ikafika. Salon ya Mama ilijaa mpaka watoto wakakalia miguu ya wakubwa. Wa Boga walikaa upande mmoja, wa Fataki upande mwingine, Mama katikati kwenye kiti chake, kitambaa kipya kichwani, akiwatukana kwa furaha wote wasiotulia. Mimi nikajibana kwenye pembe. Nikatazama kiooni: wote wamo! Hakuna bega lililokatwa, hakuna sikio lililobaki peke yake. Nilifurahi mpaka nikasahau kila kitu. Nikabonyeza.

Nilipoitazama picha, kulikuwa na mwanamume ameketi kwenye mkono wa kiti cha Mama. Shati la mistari, mkono mmoja ameupitisha nyuma ya kiti, ametulia kama mtu aliye kwake. Nikafikiri ni shemeji mmoja wa Boga nisiyemjua. Nikainua macho niangalie. Mkono wa kiti ulikuwa mtupu.

Sikupiga kelele. Niliibeba kamera mpaka kwa Mama, nikapiga magoti, nikamwonyesha yeye peke yake. Aliisogeza karibu na macho. Aliitazama sana. Mimi nilikuwa nimekwisha kujiandaa kumwita dada alete maji.

"Ah," Mama akasema. "Amekuya na ile shati."

"Nani, Mama?"

"Baba yako. Nilimukatazaka kuvala ile shati, iko mubaya. Ona sasa, amevala mbele ya batu."

Baba hakufika nasi Bunia. Aliishia kule, siku ile ya kukimbia, na hakuna picha yake iliyopona. Mimi sikuwahi kuujua uso wake. Nilikuwa nauliza watu, na kila mmoja ananipa kipande chake. Sasa alikuwa mkononi mwangu, amekaa karibu na mke wake. Na masikio yale, yale mapana niliyoyachukia tangu shuleni, yalikuwa ya kwake. Nililia, watu wa kwetu. Nililia kwa furaha, na sijawahi kulia hivyo kabla wala baada. Kaka yangu mkubwa alikuja kuona kulikoni, akatazama, akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti. Baadaye tukala, na Mama akaamuru sahani moja zaidi itengwe.

Picha hiyo iko ukutani kwa Mama, nimeikuza. Jioni ukipita Saio utamsikia anamgombeza mtu juu ya shati. Usimwonee huruma. Ananiambia alikuwa ameanza kuusahau uso wa mume wake, na hilo lilikuwa linamtia hofu kuliko kifo, na sasa analala vizuri.

Nilidhani matabishi yamekwisha hapo. Hayakwisha. Si kila picha, lakini mara kwa mara anaongezeka mtu. Kuna mama alileta kichanga chake kupigwa picha, akaondoka analia na kunibariki, kwa sababu kwenye picha bibi yake marehemu alikuwa amekishika kichwa. Kuna bwana harusi alirudi na hasira, anataka pesa zake, maana nyuma ya bibi harusi alisimama mke wake wa kwanza, marehemu, mikono kiunoni. Ningemwambia nini? Na yule mjane wa mlango wa buluu nilimpiga picha bila malipo, nikitumaini kwa moyo wote kwamba mzee atatokea. Alitokea mama mkwe wake. "Ata kule hajachoka kunifuata!" mjane akasema, tukacheka mpaka tukashikana. Lakini wakati nabonyeza, alikuwa anatabasamu akitazama juu ya bega langu, kama anamtazama mtu aliyesimama nyuma ya lenzi. Sikugeuka.

Mgeni mmoja mwenye kazi hapa mjini aliiona lenzi akaitaka. Akaniuliza bei yake ya haki ni ngapi. Mimi huyu, mwanamke wa soko, nikaanza kuhesabu kasoro zake, nikaacha katikati. Nikamwambia haiuzwi.

Basi nisikilize vizuri. Ukipatana bei na mtu usiyejua ametoka wapi, lipa, shukuru, funga mdomo. Matabishi usiombe, kwa sababu atakupa, na si wewe utakayechagua anachokupa. Na ukitaka picha kwangu, karibu sana, nitakupunguzia bei. Ila kwanza kaa chini uwafikirie waliokutangulia. Kama kuna mmoja uliyemzika mkiwa hamsemezani, nenda ukapatane naye kwenye kaburi lake, ndipo uje. Kama huwezi, nenda kwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Bei yake ni rahisi kuliko yangu, na kwenye picha zake wanatokea waliolipa tu.